Kipaza Ajifunza Kuunga Uzi

Siku walipokuja kung'oa kibao cha mlango wake, Kipaza alikuwa ndani anapanga hotuba ya Jumatano. Alisikia bisibisi ikikwaruza mbao, akadhani fundi wa matengenezo amekuja kurekebisha kitasa kilicholegea, akaita kwa furaha, "Pita, pita, hakijafungwa!" Fundi akachungulia akiwa na skurubu nne mdomoni. Kwa kuwa hakuweza kusema kitu bila kuzimeza, alionyesha kibao kwa kidole, akainua mabega, akaendelea na kazi. Kibao kiliandikwa ELIMU YA SIASA. Kilikuwa kimekaa pale miaka ishirini na miwili, na mwenye chumba alikuwa amekaa nacho.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha mablanketi. Sufu ilisokotwa uzi katika jengo la nyuma, uzi ukafumwa katika banda kubwa la katikati, kisha vitambaa vikapelekwa kuchanwa manyoya, kukatwa na kupigwa pindo. Kipaza hakuwa na kazi katika hatua yoyote kati ya hizo. Kila Jumatano na Jumamosi mitambo ilizimwa kwa saa nzima, yeye akapanda jukwaa dogo mbele ya banda na kuwaeleza wafumaji maana ya kazi yao. Sauti alikuwa nayo. Kipaza sauti cha kiwanda kiliharibika mwaka wake wa tatu kazini na hakuna aliyejisumbua kukitengeneza, maana yeye alitosha. Ndipo alipopata lile jina. Kwanza walimwita nyuma ya mgongo wake, mwisho jina likachoka kukaa nyuma, likaja mbele, naye akalizoea.

Asidhaniwe kwamba alikuwa mnafiki. Alikuwa mtoto wa mpasua mawe, alisoma kwa shida, na alipokutana na vitabu vilivyosema kwamba jasho la baba yake lilikuwa na thamani kuliko viti vya waliomdharau, alilia kama mtoto. Tangu siku hiyo aliamini. Aliamini wakati wa kupiga mswaki, aliamini akiwa kwenye foleni. Hata ndoto zake zilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Kila mara mfanyakazi alipomuuliza swali lililomshinda, alilijibu kwa sauti kubwa hadharani, kisha alirudi ofisini akaliandika kwenye daftari lenye jalada jeusi, bila jibu. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imejaza kurasa tisini.

Meneja mpya alikuwa bwana mpole, asiyependa ugomvi.

"Mkufunzi, cheo chako hakipo tena," alimwambia asubuhi ile. "Si kwamba umefanya kosa."

"Lingekuwepo kosa ningefurahi zaidi," Kipaza akasema. "Ningelijadili."

Meneja akamweleza kwamba ana njia mbili. Anaweza kuchukua stahiki zake na kwenda kupumzika nyumbani, au anaweza kuingia banda la ufumaji kama mwanafunzi. Ile ya pili aliitaja kwa sababu kanuni zilimtaka aitaje, kama mtu anavyomkaribisha kiti mgeni ambaye tayari amevaa viatu na kuaga.

"Nitakwenda bandani," Kipaza akasema.

Meneja akavua miwani. "Una umri gani, Mkufunzi?"

"Hamsini na mmoja."

"Umesikia nilivyosema? Kama mwanafunzi."

"Nimesikia. Na mimi nimesema nitakwenda."

Njiani kurudi nyumbani alijaribu kujieleza uamuzi wake kwa hoja tatu na akagundua kwamba zote ni nzuri na hakuna hata moja ya kweli.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alimkuta mezani anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu nyuma ya sikio.

"Kufanya nini huko bandani?" akamuuliza.

"Kufuma."

"Baba watoto, wewe hata kifungo cha shati nakushonea mimi."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Kipaza akavuta pumzi. "Ukiangalia kihistoria, mtu wa fikra na mtu wa mikono—"

"Usianze," mkewe akamkata. "Hapa niko mmoja. Unajua kwamba ukizungumza nami unatazama juu ya kichwa changu? Kama vile kuna watu mia mbili wamekaa nyuma yangu kwenye kabati la vyombo."

Akamtazama mkewe, akaona kwamba ana doa la wino kwenye kidevu na kwamba amechoka. Halafu jibu likaja lenyewe, bila namba. "Nimewaambia watu miaka yote hii kwamba kazi ile ni heshima. Nikiikimbia siku ya kwanza ninapopewa mimi, nilikuwa nawaambia nini?"

Mkewe akalivuta daftari jingine. "Hapo sasa umesema. Kesho nitakutafutia shati la kuharibu."

Jumatatu saa moja asubuhi alisimama mlangoni mwa banda akiwa na shati la kuharibu, na msimamizi akamwelekeza kwa mkono: mstari wa nne, kwa Mama Fundo. Wafumaji walikuwa mia na kitu mle ndani, na angekubali kufundishwa na yeyote isipokuwa huyo.

Mama Fundo alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viganja vipana na vidole vyepesi ajabu. Jina alilipata kwa kuunga uzi uliokatika upesi kuliko mtu yeyote kiwandani, kwa kifundo kidogo bapa ambacho ungekitafuta kwenye blanketi mpaka macho yaume. Wenye utani walisema jina lina maana mbili, kwamba fundo jingine analo moyoni, na aliyelifunga anajulikana.

Ilikuwa hivi. Miaka kumi na miwili nyuma, kiwanda kilitarajia mgeni mkubwa, na ili upepo usirushe manyoya ya sufu kwenye suti yake, madirisha ya juu ya banda yalipigwa misumari. Mgeni alikuja, akakaa dakika kumi, akaondoka. Misumari ikabaki. Jumatano moja, Kipaza alipomaliza kueleza kwamba kiwanda ni mali ya wafanyakazi wenyewe, Mama Fundo, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa zamu, akasimama.

"Ndugu Mkufunzi, nina swali. Mimi nyumbani kwangu nikisikia joto nafungua dirisha. Hapa napo umesema ni kwangu. Sasa nikitaka kufungua dirisha namwomba nani, na huyo nitakayemwomba, yeye anamwomba nani?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, wa pili akampokea, na Kipaza akahisi jukwaa linayumba. Alizungumza dakika arobaini bila kupumzika. Alisema kuna kupe wa damu na kuna kupe wa mawazo, na wa pili ni hatari zaidi kwa kuwa huvaa sura ya muuliza swali. Alipotoka hapo alienda ofisini, akaliandika swali kwenye lile daftari jeusi, ukurasa wake peke yake, kwa sababu lilikuwa swali zuri kuliko yote. Na katika karatasi nyingine, ya ripoti, akaandika jina la muulizaji na maneno *mawazo potofu*. Mama Fundo alivuliwa uongozi wa zamu na kukabidhiwa ufagio kwa mwaka mzima. Hakuna mkubwa aliyemwagiza Kipaza aandike. Kila alipojaribu kumkumbuka mtu aliyemwagiza, alijikuta peke yake mezani.

Sasa mwanamke huyo alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akamwashiria asogee. Kipaza akafungua mdomo kusalimia. Hapo ndipo alipopata kipigo cha kwanza cha siku hiyo, kwa sababu hakujisikia hata yeye mwenyewe. Mitambo mia nne na arobaini ilikuwa inapiga kwa pamoja. Alikuwa hajawahi kuingia banda lile mitambo ikiwa inafanya kazi, maana kwake daima iliwekwa kimya. Alipaza sauti. Akapaza tena, ile sauti yake ya mwisho kabisa, ya maadhimisho, na fundi wa mstari wa pili akageuka tu kuona kwa nini mzee wa watu anapanua mdomo kama samaki.

Mama Fundo akagusa sikio lake, akatikisa kichwa. Kisha akaanza kumwonyesha.

Mtambo ulikuwa na nyuzi elfu moja na mia tano zilizonyooshwa kutoka nyuma kuja mbele. Mojawapo ikikatika, kijichuma chembamba kinaanguka, mtambo unasimama wenyewe, na taa nyekundu inawaka. Kazi ya mfumaji ni kwenda nyuma, kuutafuta uzi uliokatika kati ya wenzake elfu, kuuunga kwa kipande kingine, kuupitisha kwenye tundu la waya wake na kwenye kitana chake, na kuwasha. Mama Fundo alifanya hayo yote kwa muda ambao Kipaza alitumia kuvaa miwani. Kisha mtambo mwingine ukawasha taa, naye akamsukuma mbele.

Alitumia dakika kumi na saba. Kifundo chake kilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi na kilikwama kwenye kitana, kikakata nyuzi nyingine tatu. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha kwamba mfanyakazi na mtambo wake ni kitu kimoja. Ilionekana mtambo haukuwa umepewa taarifa.

Wiki ya pili ndipo alipogundua jambo lililomnyima raha kuliko vidonda vya vidole. Aliona kwamba watu mle ndani hawakuwa kimya. Walikuwa wakizungumza mfululizo, kutwa nzima, kwa midomo bila sauti. Mtu wa mstari wa kwanza alimsimulia wa mstari wa sita habari za ugonjwa wa mama mkwe, na wa sita akacheka na kujibu, na kelele hazikuwazuia kitu. Kipaza alisimama na kijiti cha uzi mkononi akiwatazama. Miaka ishirini na miwili alikuwa amewaona kutoka jukwaani wakichezesha midomo, safu kwa safu, wakati wa hotuba. Alikuwa akifarijika sana. Alidhani wanarudia maneno yake.

Wakati wa mapumziko, nje karibu na bomba, alimuuliza Mama Fundo moja kwa moja. "Nilipokuwa nahutubu, mlikuwa mnazungumza nini?"

Kwa mara ya kwanza alimwona akitabasamu. "Mengi. Kuna binti mmoja aliposwa wakati unaeleza hatua za historia. Alikubali ulipofika hatua ya tatu."

Jioni hiyo alimsimulia mkewe, akitegemea kuhurumiwa. Mkewe alicheka mpaka akashika ubavu. Alipomwona mumewe hacheki, akaenda kwenye kikapu chake cha ushonaji, akaleta kibunda cha uzi mweusi na mweupe, akaufunga kwenye mguu wa kitanda. "Haya, nionyeshe hicho kifundo. Tujifunze wote." Wakakaa sakafuni, kila mtu na ncha zake. Mkewe alikipata siku ya tatu. Yeye alikipata siku ya tisa.

Lakini jambo la ripoti halikumwachia. Kila asubuhi aliposimama bega kwa bega na Mama Fundo na kuona jinsi anavyomsogezea taa, au anavyomkamata kiwiko kabla mkono haujaingia pasipofaa, lilimrudia. Mwanamke huyo alimfundisha kwa haki kabisa, wala hakumlegezea wala hakumkomoa, na haki hiyo ilimuuma kuliko matusi. Jumapili moja akafunga mlango wa chumba, akaandika. Alipomaliza zilikuwa kurasa sita, zenye vichwa vya habari: *Hali ya Wakati Ule*, *Shinikizo la Mazingira*, *Upungufu wa Kimtazamo*. Akamsomea mkewe.

Mkewe alisikiliza hadi mwisho kwa subira ya mtu aliyezoea watoto wa miaka saba. "Samahani iko ukurasa wa ngapi?"

"Wa nne. Karibu na mwisho."

"Na wewe uko wapi?"

"Vipi niko wapi?"

"Nimesikia 'sisi', nimesikia 'ilionekana' na 'ikabidi'. Sijasikia 'mimi'." Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja mrefu kutoka juu ya ukurasa wa kwanza hadi chini. "Darasani kwangu mtoto akivunja penseli ya mwenzake, namwambia aseme maneno mawili na amtazame usoni. Wakubwa ndio mnaopewa kurasa sita?"

Kesho yake, saa nne kasoro, mitambo ikiwa imechachamaa, Kipaza alipiga moyo konde. Alimgeukia Mama Fundo, akamtazama usoni, na kwa mdomo, bila sauti, akasema, *Nilikukosea.*

Mama Fundo akamtazama kwa makini. Akajibu kitu kifupi kwa midomo. Kipaza hakukisoma. Akamwomba arudie. Akarudia, uso wake umekaza. Kipaza akamwomba mara ya tatu, na hapo mwanamke akamshika mabega akamgeuza. Taa nyekundu zilikuwa zinawaka kwenye mitambo miwili nyuma yake. Alichokuwa akimwambia ni *nyuma yako*.

Kengele ya mapumziko ilipolia walikutana bombani.

"Ulisema kitu mle ndani," Mama Fundo akasema akinawa mikono. "Au nilikisoma vibaya?"

"Hukukisoma vibaya."

"Kirudie basi. Kwa sauti. Wewe si hujawahi kuwa na shida ya sauti?"

Sauti yenyewe ikatoka kama ya mtu mwenye mafua. "Nilikukosea. Niliandika jina lako nikijua swali lako ni la haki. Hakuna aliyenituma."

Mama Fundo aliendelea kunawa, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. "Mwanangu alikuwa darasa la nne," akasema mwishowe. "Walimwita mtoto wa kupe mpaka nikamhamisha shule. Ulijua hilo?"

"Sikujua."

"Sasa unajua. Kwa nini uliandika?"

Alikuwa na hoja. Zilisimama mlangoni mwa mdomo wake kama watu wenye tiketi. Akazipita. "Niliogopa. Watu walianza kucheka, nikaona kama kila nilichokijenga kitaanguka kwa sababu ya dirisha moja."

"Mkufunzi." Alifunga bomba. "Mimi nilikuwa nasikia joto. Sikuwa napinga falsafa ya mtu. Nilikuwa nasikia joto."

Kengele ikalia.

"Sijasema nimekusamehe," Mama Fundo akasema. "Hiyo kengele ni ya kazi. Twende."

Miezi ikapita. Vidole vya Kipaza vilipasuka, vikapona, vikaota ngozi ngumu ambayo aliipapasa kwa siri kwenye foleni ya dukani, kama mtu aliyepewa nishani. Alijifunza kusoma midomo, kwanza maneno ya kazi, kisha utani, kisha masengenyo, ambayo yalikuwa magumu kuliko mengine kwa sababu husemwa haraka. Na kwa kuwa hakuweza kuhutubu, kichwa chake kilianza kufanya kitu kigeni. Kilianza kumaliza wazo moja kabla ya kushika lingine. Siku moja Mama Fundo alimuuliza kutoka mtambo wa pili, *Ulipokuwa ukisema "wafanyakazi", ulikuwa unamwona nani?* Alitembea na swali hilo siku mbili. Siku ya tatu akamjibu, *Safu. Kutoka kule juu nilikuwa naona safu tu.* Mama Fundo akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepima kitambaa na kukuta hakijapunjwa.

Mwaka wa pili ndipo lilipobandikwa tangazo kwamba kuanzia mwezi unaofuata kila mfumaji atahudumia mitambo sita badala ya minne. Bomba likawa na watu wengi kuliko siku zote.

"Kipaza, siku yako hiyo imefika," fundi wa matengenezo akasema. "Nenda kamngurumie meneja."

"Wewe ndiye mwenye mdomo," wakaitikia wengine. "Sisi tutapiga makofi."

Asingekuwa mkweli kama angesema hakusisimka. Damu ilimchemka kama zamani. Mchana kutwa, mikono ikiunga nyuzi, kichwa kiliandika hotuba kamili yenye milima mitatu ya sauti na machozi kabla ya mlima wa mwisho. Jioni alikuwa tayari. Alipoinua macho alimkuta Mama Fundo anamtazama, na midomo yake ikasema neno moja tu. *Usituibie.*

Nje akamfuata. "Kuwaibia nini? Nataka kuwasaidia."

"Najua. Lakini akisikia sauti yako, meneja atasikia siasa, atajibu siasa. Nikisema mimi atasikia mitambo. Na mitambo hana cha kuijibu."

Kipaza alisimama pale na hotuba yake yote tumboni. Ilimchukua muda kuimeza. "Basi nitafanya nini?"

"Wewe unajua wakubwa wanavyokwepa maswali," Mama Fundo akasema, bila ubaya wowote. "Hakuna anayejua kuliko wewe. Kaa hapa mbele yangu, uwe meneja."

Wiki mbili wakafanya hivyo kila mapumziko, huku kila mfumaji akichora mstari wa chaki kwenye fremu ya mtambo wake kila uzi unapokatika. Kipaza alikuwa meneja mbaya sana. Alijibu swali kwa swali, alisifu juhudi za wote, aliahidi kuunda kamati. Kila alipokwepa, Mama Fundo alimrudisha mahali pale pale, na watu waliozunguka bomba wakajifunza namna ya kumrudisha mtu. Siku ya mwisho alijikuta amebanwa kabisa, hana pa kutokea, na akacheka kwa raha ambayo hakuwahi kuipata kwa ushindi wowote wa jukwaani.

Mkutano wenyewe ulifanyika bandani. Mama Fundo alizungumza dakika saba. Alieleza kwamba uzi mwembamba unakatika mara chache, kwa hiyo mitambo sita inawezekana. Uzi mnene unakatika mara nne zaidi, na mfumaji wa mitambo sita atakuwa anakimbia kutwa huku mitatu imesimama. Akamwonyesha meneja mistari ya chaki. Kipaza alikaa safu ya tatu, mikono kati ya magoti. Mara mbili alianza kunyanyuka. Mara mbili fundi wa matengenezo akamvuta shati.

Meneja alitembea kutoka fremu hadi fremu akihesabu. "Haya yote nani amewaandalia?" akauliza.

"Imeandaa mitambo," Mama Fundo akasema. "Sisi tumeandika tu."

Meneja akakubali. Uzi mwembamba ungekuwa sita, uzi mnene ungebaki minne. Watu walianza kupiga makofi, lakini Mama Fundo akainua mkono.

"Kuna jingine, halimo kwenye chaki. Yale madirisha."

"Madirisha yana nini?"

"Yana misumari."

Meneja akatazama juu. Alikuwa na mwaka wa pili kiwandani na hakuwa amewahi kujua kwamba yanafunguka. "Nani aliyapiga misumari?" Hakuna aliyejibu. "Basi yafungueni," akasema, kama mtu anayeombwa chumvi.

Fundi akaleta ngazi na mtaimbo. Ngazi ilikuwa ya zamani na ilihitaji mtu wa kuishika, na Kipaza akawahi kuliko wote. Akaishika kwa mikono miwili, uso umeinuliwa, wakati misumari ikitoka mmoja mmoja kwa mlio wa kukereza meno, na vumbi la miaka kumi na minne likimwangukia machoni na kinywani. Dirisha la kwanza likagoma, likagoma, likaachia. Upepo ukaingia. Manyoya ya sufu yakapaa kutoka kila kona ya banda, yakamwangukia kila mtu kichwani, meneja akiwamo, na watu wakacheka kwa sauti, midomo na koo pamoja.

Baada ya hapo alikaa bandani miaka tisa mingine. Alipewa mitambo minne yake mwenyewe, na hakuwa mfumaji bora, ila alikuwa wa kutegemewa. Watu walizoea kumletea maswali bombani. Hivi haki ni nini hasa? Je, mtu anaweza kuwa huru na bado akaamshwa na kengele? Alikuwa amesoma vitabu vingi na alivikumbuka, basi alisema fulani wanaona hivi, wengine wanapinga kwa sababu hii, wewe mwenzangu waonaje? Na akasikiliza, kwa sababu alikuwa anataka kweli kujua. Akitekwa na mdomo wake akapitisha dakika tatu, mtu alifungua bomba.

Kama Mama Fundo alimsamehe, hakutangaza. Asubuhi moja tu, akiomba kupishwa, alimwita "kaka", na hakuna aliyeshtuka isipokuwa kaka mwenyewe, ambaye siku nzima hakuunga uzi hata mmoja vizuri.

Hao wawili ndio waliokuwa wabishi kuliko wote. Walibishana kwa midomo kupitia mistari miwili ya mitambo, mikono ikifanya kazi yake. Mara moja walianza Jumatatu, juu ya iwapo mtu anapaswa kumwambia mwenzake ukweli ambao hajauulizwa. Kipaza alisema lazima. Mama Fundo akasema inategemea mwenye kuambiwa ana mzigo gani tayari. Jumanne hakuna aliyelegea. Jumatano wafumaji wa mstari wa tano walikuwa wamegawanyika, nusu huku, nusu kule. Alhamisi saa tano Mama Fundo alisema jambo moja fupi, Kipaza akalifikiria akiwa amesimama, akalizungusha, akakosa pa kulipasulia. Akainua mikono yote miwili juu kukubali kushindwa.

Mama mmoja mwanafunzi, mgeni wa siku tatu kazini, alidhani hiyo ni ishara ya hatari, akakimbilia swichi kuu. Banda zima likazima. Katika kimya kile wafumaji mia na kitu waligeuka kumtazama Kipaza, mikono yake bado iko hewani.

"Kuna nini?" msimamizi akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Hakuna kitu," Kipaza akasema. "Mama Fundo amenishinda kwa haki. Washeni."